Pua ya Mama na Mikebe ya Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi hamruhusu mtu kuondoka kwake mpaka ale mara mbili. Nimepata saa chache za kuwa peke yangu na karatasi hii. Begi lako limeshafungwa. Mambo ya chandarua, ya kuficha simu ukishuka Kisumu, ya kuchemsha maji, nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Hayo tuyaache.

Nataka kukuandikia habari ya pua yangu na mikebe yako. Nusu ya habari hii unaijua kwa sababu ulikuwepo. Nusu nyingine nilikuficha, na baya zaidi, nilikuacha uibebe bila kuniuliza. Kesho unaondoka na sitaki uondoke nayo hivyo.

Ulikuwa kidato cha pili mafua yaliponilaza wiki mbili. Nilipoinuka kifua kilikuwa sawa, kichwa sawa, nikaingia jikoni nikafungua kopo la iliki. Sikusikia kitu. Nikadhani iliki imezeeka. Nikafungua mdalasini. Nikaponda kitunguu saumu nikakisogeza mpaka kikagusa ngozi ya pua. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Wewe umekua ukiniona nikipika, kwa hiyo labda hujui ilikuwa na maana gani kwangu. Hapa Nakuru watu wengi hawajui jina langu. Husema tu, "Tafuteni yule mama wa pilau wa Bondeni." Sikusoma kupika popote. Nilifundishwa na bibi yako, naye alifundishwa na mama yake aliyekuja bara kutoka pwani na masufuria mawili na mchi. Sisi hatupimi. Tunanusa. Bibi yako alikuwa ananipiga kofi la mkono nikichukua kijiko cha kupimia. "Una pua ya nini?" ananiuliza.

Nikaona nikisema tu kwamba pua imekufa, simu haitalia tena. Nikanyamaza. Nikawa napika kwa kukumbuka. Vijiko vitatu hapa, viwili pale. Chumvi nilikuwa naweka, halafu nasahau, naweka tena. Baba yako maskini alikuwa anakula, anakunywa maji, anakula, anakunywa maji. Hakusema neno. Siku moja nikamuuliza chakula kikoje, akasema, "Leo kimekolea." Nikafurahi! Nimekuja kuelewa baadaye.

Halafu ikaja ile harusi.

Naiandika kwa sababu sijawahi kuisema mbele yako, ingawa uliiona yote umekaa juu ya jerikeni unamenya vitunguu saumu. Sufuria kubwa ilikuwa mekoni, pilau ya watu mia tatu. Mama Karanja na mimi tulikuwa tumepika pamoja miaka kumi na moja. Yeye ni Mkikuyu wa Molo, alikuja kwangu hajui hata kukaanga kitunguu kikaiva rangi ya pilau, na alipofika mwaka wa tatu mimi nilikuwa simwamini mtu mwingine kushika mwiko wangu. Siku hiyo alikuwa anakwenda bombani kuosha nyanya za kachumbari. Alipopita akaniambia, "Mama Zuhura, hiyo moto iko juu sana. Punguza."

Nikamjibu, "Naona."

Sikupunguza. Miaka yote nilikuwa nangoja pilau iniambie yenyewe. Pilau ikitaka kushika chini huwa inatoa harufu fulani, kidogo tu, tamu karibu kama sukari inayoanza kugeuka, na hapo ndipo unavuta kuni. Siku hiyo ilitoa. Nina hakika ilitoa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale naongea na dada wa bwana harusi kuhusu kitambaa.

Walipopakua sahani za kwanza moshi ulikuwa umeshapanda mpaka juu. Pilau yote ilikuwa na ladha ya kuni. Baba wa bibi harusi akaja jikoni, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona amekasirika, akasimama mbele ya wanawake wote. "Nani alikuwa kwenye sufuria hii?"

Nikasema, "Nilimwachia Mama Karanja moto."

Maneno manne. Mama Karanja alikuwa ndiyo anarudi na beseni la nyanya. Aliyasikia. Aliniangalia, na mimi nikaangalia mwiko. Aliweka beseni chini, akavua aproni, akaikunja vizuri mara nne kama anavyoikunja kwake nyumbani, akaiweka juu ya nyanya, akatoka. Wewe uliinua macho ukanitazama mara moja tu. Kisha ukarudi kwenye vitunguu saumu vyako.

Zuhura, nimeangaliwa na watu wengi maishani mwangu. Sijasahau ulivyoniangalia.

Habari za wapishi zinatembea haraka. Mwezi haukuisha kabla ya watu kusema Mama Karanja ni mzembe, haaminiki na moto. Hakuna aliyemwita tena. Nikasikia ameenda Salgaa, anapikia madereva wa malori katika hoteli moja ya barabarani. Na mimi niliyebaki na jina zuri sikuweza kulitumia. Kila aliyenipigia nilimwambia nina presha, daktari amenikataza moto. Nikawa nalala mchana. Mlikuwa mnarudi mnanikuta nimegeukia ukutani.

Jumapili ile ya gesi ndiyo iliyonitoa. Kichwa cha mtungi kilikuwa kimelegea na jikoni palikuwa pamejaa gesi, mimi nimesimama katikati na kiberiti mkononi nataka kuchemsha chai. Ulikuwa unatoka kwa rafiki yako. Nilikusikia ukipiga kelele kutoka kwenye ngazi, "Mama, usiwashe! Usiwashe!" Uliingia kama umerushwa. Ulininyang'anya kiberiti, ukafunga mtungi, ukafungua dirisha, ukauburuta ule mtungi mpaka uani huku ukiwaambia majirani wazime majiko. Mimi nilikuwa bado nimesimama nimenyoosha mkono, sijaelewa.

Uliporudi uliketi sakafuni. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini hunusi?"

"Tangu mafua."

"Hata siku ya harusi?"

Niliangalia dirisha ulilolifungua, na hukuuliza tena. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mtu mzima angenisuta pale pale, na haki angekuwa nayo. Wewe ulinyanyuka ukaenda kununua mkate ili tule kitu kisichohitaji moto.

Siku chache baadaye ukaniambia umemuuliza mwalimu wako wa biolojia, bila kutaja jina langu, kama pua iliyokufa hufufuka. Akasema nyingine huamka na nyingine haziamki, lakini pua unaweza kuizoeza kama mguu uliovunjika. Unaipa harufu zile zile kila siku, kwa utulivu, miezi hata mwaka. Nikakuambia tununue dania sokoni basi, tumalize. Ukasema hapana, tutapanda wenyewe.

"Tupande wapi? Hii ni nyumba ya kupanga. Tuna kibaraza cha kuanikia nguo."

"Kwenye mikebe, Mama."

Nikacheka vibaya. Nikasema, "Sasa nimekuwa mbuzi, niletewe majani nilipofungwa." Hukucheka wala hukuudhika. Uliokota mikebe ya mafuta ya kupikia, ndoo mbili za rangi, na sufuria langu la zamani lililotoboka. Ukachoma matundu chini kwa msumari ulioupasha moto. Ukaweka kokoto, ukachanganya udongo na samadi iliyokauka na mchanga. Nanaa uliipata kwa jirani wa chini, kitawi kimoja ukakitia kwenye glasi ya maji mpaka kikatoa mizizi kama nywele. Rozimeri uliomba pale getini kwenye shule yenu, wana uzio mzima wa rozimeri na hakuna anayeutumia. Mrehani ulitoka kwa bibi yako. Dania ulinunua mbegu, ukaziviringishia chupa mpaka zikapasuka katikati, ukanionyesha kwamba kila mbegu ni mbili zilizoshikana. Nimetumia dania miaka thelathini, sikuwa najua.

Mikebe saba. Uliipanga ukutani ambapo jua la asubuhi linafika na la saa nane halifiki. Halafu ukaniambia jambo moja tu: "Kumwagilia ni kazi yako. Mimi nina shule."

Hapo sikuona werevu wako. Niliona mzigo. Sasa naelewa kwamba dania ya sokoni ningeinusa nimelala, lakini mikebe ilinilazimisha kuamka, kuvaa leso, kufungua mlango na kusimama juani. Wewe ulijua, na hukuniambia kwamba unajua.

Nikaanza kuiua mmoja mmoja. Rozimeri niliimwagilia asubuhi na jioni kwa sababu niliionea huruma, majani yake membamba yakaonekana kama yana kiu, na mizizi ikaoza. Dania niliitia samadi mbichi ya kuku nikidhani naisaidia, ikaungua ndani ya siku tatu. Nanaa niliipanda mkebe mmoja na mrehani ili nipunguze kazi, nanaa ikaula udongo wote. Na yale maji ya kisima cha hapa ploti, unajua yalivyo na chumvi, yaliacha ukungu mweupe juu ya udongo mpaka majani yakakauka ncha. Mwezi wa saba baridi ya usiku ikamaliza mrehani. Kila mara nilikusubiri urudi shuleni nikiwa na maneno ya kujitetea tayari. Kila mara uliinama, ukatia kidole kwenye udongo, ukasema, "Haya, sasa tumejua."

Tumejua. Si "umeharibu". Ulikwenda kuomba tawi jingine getini. Uliweka beseni chini ya paa kukinga mvua. Mrehani mpya ukawa unalala ndani, juu ya friji, kama mtoto. Mimi nimelea na nimefundisha wapishi wengi, na nilifundisha kwa kofi la mkono kama nilivyofundishwa. Nilidhani ndivyo mtu anavyojifunza. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili nilipofundishwa kwa mara ya kwanza na mtu asiyenipigia kelele.

Na kila asubuhi kabla hujavaa viatu vya shule ulikuwa unanifumba macho kwa kiganja chako. Unavunja jani, unalisogeza. "Hii?"

"Hakuna."

"Hii?"

"Hakuna."

Unaandika kwenye daftari lako la hesabu lenye miraba. Unakwenda shule. Wiki baada ya wiki. Sijui ulipata wapi uso ule ule kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimekata tamaa kufikia wiki ya tano.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hujui kwamba ninalijua. Asubuhi moja nilichoka kukuona ukiandika "hakuna". Ulisogeza jani la kwanza nikasema, "Dania! Nimeisikia dania!" Nilitaka tu ufurahi. Ukasema, "Sawa, Mama," ukaandika, ukaenda shule. Nilipotandika kitanda chako niliona daftari nikalifungua ukurasa wa siku hiyo. Uliandika hivi: "Mama amesema dania. Ilikuwa nyasi. Amechoka. Kesho tusinuse, tupalilie tu."

Nilikaa kwenye kitanda chako na daftari lile mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nilikuwa nimekudanganya na wewe ulikuwa umenipa siku ya mapumziko. Kesho yake kweli hukunifumba macho. Tulipalilia. Ulinisimulia mambo ya shule, tukakata vikonyo vya dania iliyotaka kutoa maua kabla ya wakati. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na sikukuambia. Nilijua siku hiyo kwamba sitakudanganya tena kwa jambo lolote, hata dogo, kwa sababu wewe unajua na unaandika.

Miezi minne ilipita. Ulipovunja rozimeri nikaruka nyuma. Nilisikia mpira wa gari unaoungua. Harufu mbaya, ya kuchefua, nikakimbilia sinki. Nikitapika nakusikia nyuma yangu unaruka ruka kama mtoto wa miaka sita. "Mama! Hata kama ni mbaya, ni harufu! Ni harufu, Mama!" Baba yako akatoka chumbani na povu la mswaki mdomoni akidhani nimepatwa na kitu.

Ilichukua wiki nyingi mpira wa gari ugeuke kuwa rozimeri. Dania ilikuja baadaye, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Mrehani ulikuja wenyewe siku moja nikiupitia tu na ndoo ya nguo. Nanaa haijarudi mpaka leo. Nikiitafuna nasikia ubaridi tu.

Na mimi, badala ya kushukuru, nikataka kurudi kupika kana kwamba hakuna kilichotokea. Unakumbuka. Simu ilikuja, nikawaahidi watu pilau ya akika ya Jumamosi. Nikapata msaidizi mpya. Nikakuambia, "Utakuja kunimenyea vitunguu saumu."

Ulikuwa unamwagilia. Ukaweka kopo chini. "Sitakuja, Mama."

"Una nini Jumamosi?"

"Sina kitu. Nikija wataniuliza Mama Karanja yuko wapi. Na wakiniuliza nitasema."

Nilikukemea. Nilikuambia hayo ni mambo ya watu wazima, kwamba mtoto hamfundishi mama yake adabu, kwamba umeharibiwa na shule. Nilisema mengi. Ulisimama ukanisikiliza mpaka nikamaliza, ukasema, "Samahani, Mama. Lakini sitakuja," ukachukua kopo ukaendelea na mkebe uliofuata. Maji yalimwagika nje ya mkebe. Nilikuona. Ulikuwa unaniogopa, na bado ulisema. Hilo ndilo ninalolistahi zaidi kuliko mikebe yote. Mimi niliogopa mtu mmoja aliyekasirika kuhusu wali nikamtupa rafiki yangu. Wewe ulimwogopa mama yako mwenyewe na hukumtupa mtu.

Alhamisi nilikwenda Salgaa. Nilikuambia nakwenda kwa shangazi yako, na hapo nikaivunja ile ahadi yangu ya kutokudanganya tena.

Nilimkuta Mama Karanja nyuma ya hoteli anapindua chapati. Alikuwa amekonda. Malori yalikuwa yanaunguruma nje na redio imewashwa kwa sauti ya juu, nikalazimika kupaza sauti, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakatoka yamevurugika. Nikamwambia pua ilikuwa imekufa. Nikamwambia moto ulikuwa wangu. Nikamwambia nilikuwa na hofu.

Alipindua chapati mbili kabla hajanijibu. "Hiyo ya pua nilijua, Mama Zuhura."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unaweka chumvi mara mbili. Mimi nilikuwa naongeza viazi kwa mchuzi wewe ukienda kuswali, ndio isijulikane. Nilingoja uniambie. Wiki ngapi? Nikasema ataniambia tu, sisi ni marafiki."

Zuhura, alikuwa ananificha. Wakati mimi namuuza, yeye alikuwa na wiki nyingi za kunificha.

Nikaanza kulia, akasema, "Usilie kwa unga." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi nimeshakusamehe kitambo, kwa sababu ya kanisa. Lakini jina yangu iko kule Nakuru. Uliniharibia mbele ya watu. Sasa unakuja kuniambia hapa nyuma, mimi na wewe na chapati. Enda useme mahali ulisemea."

Uliniona Jumamosi nimerudi mapema kutoka kwenye akika ukadhani nimeumwa. Sikuumwa. Kabla ya kuwasha moto niliwaita wanawake wote waliokuwepo, na nilikuwa nimemwomba baba wa yule bibi harusi afike, akafika. Nikasema mbele yao kwamba ile pilau niliiunguza mimi, kwamba nilikuwa sinusi, na kwamba Mama Karanja alinionya nipunguze moto. Mmoja alisema "Astaghfirullah". Wengine waliangaliana. Mwenye shughuli akaniambia kwa heshima kwamba angependa mtu mwingine ashike sufuria siku hiyo. Nikavua aproni. Nilijaribu kuikunja kama alivyoikunja yeye, mikono ikakataa, nikaondoka nayo mkononi imefumbatwa.

Nilikosa kazi karibu nusu mwaka, na wewe, habari ilipokufikia, ukaanza kunimenyea vitunguu saumu hapa nyumbani, kazi uliyonikatalia siku ya akika. Nilikuelewa. Mama Karanja alirudi mvua za masika zilipoanza, lakini hakurudi kuwa msaidizi wangu. Sasa ndiye anayeitwa, ndiye anayeonja, ndiye anayesema kuni zitolewe. Mimi nakata, nakaanga, nakoroga nikiambiwa. Watu wakija jikoni wakiuliza nani yuko kwenye sufuria, nasema, "Mama Karanja, na mimi namsaidia." Ilinichoma mara za kwanza. Siku hizi naona raha kuisema. Naye ananitania, "Leo chumvi ni mara moja, eh?"

Kesho unakwenda kusomea mambo ya maabara, na mtu akiniuliza kwa nini hukuchagua kazi nyingine, mimi ninalo jibu, maana pua yangu ndiyo kitu cha kwanza ulichokipima. Huko utakosea. Siku moja utachanganya chupa mbili, au utaandika jina la mtu kwenye karatasi ya mwingine. Sikuambii usikosee, mimi ni nani? Nakuomba tu ukikosea useme siku hiyo hiyo, kwa sauti, hapo hapo. Mimi nilingoja mwaka mzima na zaidi, na kila mwezi niliongoja mtu mwingine ndiye aliyeulipia pale Salgaa. Na ukipata rafiki anayekuongezea viazi kwenye mchuzi wako uliozidi chumvi, mwambie umeona. Usimwache asubiri.

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikikuangalia sioni mahali nilipokufundisha haya. Labda baba yako, kwa ule ukimya wake. Labda bibi. Labda ulikuja nayo tu. Nimejaribu kujipa sifa kidogo nikashindwa, kwa hiyo nakuachia zote.

Nasikia sauti yako hapo chini unasalimiana na majirani, umerudi mapema kuliko nilivyodhani. Niseme la mwisho kabla hujapanda ngazi. Nimekaa hapa alasiri nzima nikitafuta ni siku gani nilikwambia asante, nimepita asubuhi moja moja, zote za miaka hii, na sijaipata.

Asante, Zuhura.

Mama yako